Kitenge Kilichokosea Kichwa

Hebu niambie wewe, mwenzangu: siku ya kuletewa kitenge chako cha uchumba, utoke jikoni mikono ingali na unga, ukute kitenge hicho kimeshafunikwa kichwani kwa mdogo wako na wageni wanapiga vigelegele, ungefanya nini?

Usijibu haraka. Bernadeta naye hakujibu haraka. Alisimama kwenye kizingiti cha mlango wa uani, ameshika bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha alivyokuwa ameviloweka na kuvichemsha vizuri na karanga, mvuke bado unapanda. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya maziwa alilolishona kwa siku hii, na juu yake akafunga khanga ya jikoni ili lisichafuke. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kimelegea upande mmoja. Mtu yeyote angemwona angesema huyu ni msichana wa kazi, na huenda hilo nalo lilichangia.

Sebule yao pale Ng'ambo, mjini Tabora, ilikuwa imepambwa toka alfajiri. Vitambaa vya kufuma vilifuliwa, vikatiwa uwanga, vikanyooshwa juu ya makochi. Picha ya Bikira Maria ilifutwa vumbi. Wanawake wa upande wa mwanamume, waliotoka Nzega asubuhi ile, walikuwa wamejaa kila kochi na mkeka. Katikati yao amesimama Shangazi Kabula, mwanamke mrefu, mzee lakini mgongo umenyooka kama mchi wa kinu. Mikono yake miwili ilikuwa bado juu ya kichwa cha Yustina, mdogo wake Bernadeta, inaweka sawa pindo la kitenge, kitenge kizito cha rangi ya zambarau chenye maua ya manjano.

"Huyu hapa!" Shangazi Kabula alikuwa akiwaambia wenzake, sauti imejaa furaha. "Sikuhitaji kuonyeshwa na mtu. Macho yale yale, mwanya ule ule, na shavu lile lile laini kama yai lililomenywa!"

"Shangazi," Yustina akanong'ona chini ya kitenge, "mimi siye."

"Nyamaza, mayu, mama yangu. Bibi harusi hasemi kitu leo. Utasema hadi uchoke ukishafika kwako."

"Lakini mimi siye, jamani!"

"Ona alivyo na adabu, anaona haya!" mmoja akadakia, na vigelegele vikapanda tena.

Hapo sharti nikueleze, la sivyo utamlaumu mama wa watu bure. Kwenye ukoo wa kina Silasi, mchumba wake Bernadeta, shangazi mkubwa ndiye humfunika mchumba kitenge, na humfunika bila kuuliza jina. Kuuliza "ni yupi?" ni tusi. Maana yake kijana wao hakuwahi kumsimulia mchumba wake nyumbani, anaoa tu kama anayeokota kuni. Kwa hiyo shangazi husimuliwa mchumba alivyo, akasimuliwa tena, mpaka siku ikifika aingie, aangaze macho mara moja, aende moja kwa moja. Zamani walisimuliana kwa mdomo. Siku hizi shangazi huonyeshwa picha kwenye simu.

Na Yustina na dada yake wamefanana. Macho ya baba yao wote wawili, mwanya wa mama yao wote wawili. Tofauti ni ngozi. Yustina chunusi alizisikia kwa watu. Bernadeta zilimvamia akiwa kidato cha pili, zikakaa naye miaka, na zilipoondoka ziliacha mashavu yake yamechimbika: mashimo madogo membamba kama ya sindano ya kushonea, na mengine mapana yenye kingo, na huku karibu na taya mabonde mawili yanayoonekana zaidi mwanga ukitokea ubavuni.

"Bernadeta ni yule!" Yustina akapaza sauti hatimaye, akavua kitenge kichwani, akanyoosha kidole mlangoni. "Yule pale! Mimi ni mdogo wake!"

Vigelegele vikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Shangazi Kabula akageuka. Akamtazama Bernadeta, kuanzia kitambaa kilicholegea mpaka mashavuni, na macho yakabaki pale mashavuni.

"Yule?" akasema.

Neno lenyewe si kubwa, unaliona. Lakini Bernadeta alilisikia limeingia kwenye kila shimo la uso wake, moja baada ya jingine.

Aliweka bakuli mezani. Aliliweka taratibu sana, maana alijua akiliweka kwa nguvu litapasuka. Kisha akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa. "Shikamoo, Shangazi. Mimi ndiye Bernadeta."

"Marahaba, mwanangu." Uso wa mama yule ulikuwa umebadilika rangi. "Marahaba. Mama Silasi! Nipe hiyo simu yako."

"Wifi, tukae kwanza tunywe chai," akasema Mama Silasi. Huyu alikuwa mwanamke mnene, mzuri, aliyevaa dhahabu masikioni na kilemba kilichopigwa pasi. "Jambo dogo hili."

"Nipe simu."

Simu ikatolewa kwenye mkoba. Shangazi Kabula akaitazama, akamtazama Bernadeta, akaitazama tena. Mwishowe akaigeuza, akamwonyesha mwenyewe. "Huyu ni nani?"

Bernadeta aliitambua picha kwa gauni. Lilikuwa gauni la kijani la kwaya, na ilikuwa Jumapili ya Matawi, nje ya kanisa, Silasi akimwambia, "Cheka kidogo, mpenzi, usinune kama karani." Alicheka kweli siku ile. Kicheko ndicho hicho hapo kwenye simu, na mwanya, na hereni ndogo alizopewa na mama yake. Lakini mashavu hayakuwa yake. Yalikuwa yamepanguswa, yakang'aa, yakawa kama ya mwanasesere. Hata kile kidoa cheusi cha kuzaliwa nacho pembeni ya pua, ambacho hakina kosa lolote, kilikuwa kimefutwa pamoja na makovu.

"Simjui," Bernadeta akasema.

"Hujui picha yako?"

"Gauni langu nalijua, Shangazi. Huyo aliyelivaa simjui."

Yustina alikuwa amekumbatia kile kitenge kifuani, hajui akiweke wapi, machozi yanamlengalenga kwa aibu isiyokuwa yake.

Mama Silasi ndiye aliyeharibu zaidi. Angenyamaza pale, huenda mambo yangepoa. Lakini kuna watu kunyamaza kunawawasha. "Ndiyo maana mimi nilisema toka mwanzo," akaanza, akivuta kilemba. "Nilisema binti atibiwe kwanza ndipo tuje. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa ngozi, kwa mguu wangu huu. Daktari akaeleza tiba zote, vizuri kabisa. Binti akasema hataki, akatoka akabamiza mlango. Sasa matokeo si ndiyo haya? Tumeaibishana bure."

"Mama Silasi," akasema mama yake Bernadeta, ambaye mpaka hapo alikuwa amekaa karibu na dirisha. Aliinuka polepole akishika kiuno. "Uko kwangu. Umekaa kwenye kochi langu, umekula maandazi yangu. Mwanangu sikumwokota jalalani. Ukisema tena neno juu ya uso wake ndani ya nyumba hii, nitasahau kwamba wewe ni mgeni."

"Mimi namtakia mema!"

"Mtakie kimya kimya."

Bernadeta hakusubiri kusikia mengine. Akatoka uani.

Uani ndiko ulikokuwa ufalme wake. Kulikuwa na madumu ya asali yaliyoletwa na baba yake kutoka Ipole, yamepangwa kivulini chini ya bati, na sufuria kubwa lenye kitambaa cha kuchujia kilichofungwa mdomoni, asali ikishuka tone kwa tone. Hapo ndipo Silasi alipompata. Alikuja siku ya kwanza kununua asali ya kikohozi. Akarudi. Akarudi tena, mpaka Bernadeta akamwuliza, "Kaka, hicho kikohozi chako hakisikii dawa?" naye akajibu, "Kinasikia, ila mgonjwa ndiye hataki kupona." Walicheka siku hiyo mpaka Yustina akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Alishika kitambaa cha kuchujia akakikamua, ingawa asali haikamuliwi, huachwa ishuke yenyewe. Aliikamua tu kwa hasira.

Tiba zote, vizuri kabisa! Alikumbuka ile siku kama ya jana. Daktari wa ngozi alikuwa mwanamama mwembamba mwenye sauti ya chini, anayekuja Tabora mara moja kwa mwezi. Alimwambia Bernadeta ageuze uso dirishani, akaminya ngozi kidogo kwa vidole viwili, akatazama hili shimo na lile. "Haya yako hayafanani yote," alisema, "kwa hiyo dawa yake haiwi moja." Akaeleza. Kwanza ni kuhakikisha chunusi mpya hazipo, maana kutibu kovu huku chunusi inachimba jingine ni kujisumbua. Kuna dawa ya kupaka usiku, inajenga ngozi pole pole kwa miezi. Kuna losheni ya kukinga jua kila asubuhi, mvua ije jua liwake. Kuna dawa ya kumenya ngozi ya juu, inayopakwa na mtu anayeijua, siyo ya dukani. Kuna kimashine cha visindano vidogo vinavyochoma ngozi ili ijijenge upya yenyewe, unarudi na kurudi. Kwa yale mabonde ya tayani kuna sindano inayoingia chini kukata nyuzi zinazovuta ngozi. Na kuna leza. "Lakini kwa ngozi zetu nyeusi," alisema, "leza ikikosewa inaacha mabaka meusi mabaya kuliko hayo mashimo. Mimi kwako nisingeanzia huko. Na hakuna hata moja itakayokurudishia uso wa mtoto mchanga. Tukienda vizuri, yanapungua kwa nusu, pengine zaidi kidogo."

Kisha daktari akauliza, "Wewe mwenyewe unapenda tuanzie wapi?"

Bernadeta alifungua mdomo. Naapa alifungua. Lakini Mama Silasi alijibu kabla: "Lile la haraka, daktari. Harusi ni mwezi wa nane."

"Hakuna la haraka, mama."

"Basi hiyo leza. Ipigeni mara mbili kwa siku moja."

"Mama, nimesema..."

"Nusu! Sasa nusu ni kazi gani? Mtu anatoka hospitali na nusu ya mashimo? Hata mkorogo wa sokoni unafanya zaidi ya hapo."

Na daktari akaanza kujibizana naye juu ya mkorogo, jinsi unavyochubua watu, na wote wawili wakasahau kwamba mwenye uso yumo chumbani. Hapo ndipo Bernadeta aliposema, "Sitaki," akatoka. Mlango ulibamizwa na upepo. Lakini nani angeamini.

"Deta."

Silasi alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, ana kreti ya soda begani, shati limeloa jasho. Alikuwa ametumwa sokoni kutafuta za baridi na hakujua kilichotokea. Alitua kreti chini akitabasamu, kisha akauona uso wa mchumba wake na tabasamu likafa.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Kitenge changu amefunikwa Yustina."

"Nini?"

"Shangazi yako ameingia, ametafuta yule mwanamke uliyemwonyesha kwenye simu, hakumkuta, akachukua anayefanana naye. Ndivyo ilivyokuwa."

Silasi alijifuta jasho kwa kiganja. Halafu akasema, "Simu siku hizi, Deta, zenyewe zinasafisha picha. Ukipiga tu, inakuwa imeshalainisha..."

"Silasi."

"Kweli tena, hata ukimpiga..."

"Silasi. Nani alifuta?"

Alitazama kreti. Alitazama madumu ya asali. Nyuki mmoja alikuwa akizunguka juu ya sufuria, akamfukuza kwa mkono ingawa hakuwa amemkaribia.

"Mimi," akasema.

"Kwa kidole chako."

"Kwa kidole changu."

"Ulikaa ukafuta hili hapa, ukafuta na hili, ukafuta na hili." Bernadeta alikuwa akijigusa shavuni, kovu kwa kovu, sauti haipandi wala haishuki. "Ulichukua muda gani, Silasi? Ulikuwa unakunywa chai huku unafuta? Na kidoa changu cha kuzaliwa nacho kilikukosea nini?"

"Kidoa kilifutika kwa bahati mbaya."

"Lo! Kwa bahati mbaya."

"Deta, nisikilize. Mama alikuwa ameshasema maneno kwenye kikao cha nyumbani. Alisema wajukuu wake watarithi. Nikajua ikifika picha yako vile ilivyo, watakukataa hawajakujua. Nilitaka wakupende kwanza. Nikasema, wakikutana naye, wakamsikia anavyocheka, wakaonja chakula chake, hawatayaona tena makovu. Mimi mwenyewe siyaoni!"

"Huyaoni?" Bernadeta akacheka, kicheko kikavu. "Mtu asiyeyaona aliwezaje kuyafuta yote asibakize hata moja?"

Jibu la hilo ungempa wewe?

"Pale shuleni," Bernadeta akaendelea, na sasa sauti ilianza kutetemeka, "walikuwa wananiita Deta Matundu. Wavulana wa dawati la nyuma. Iliniuma, lakini waliniita mbele yangu, nikawatazama, nikawajibu. Wewe hukuniita kitu. Wewe ulinishika mkono mbele za watu, ukaniambia mimi ni mzuri, halafu ukaenda pembeni ukanifuta. Wale walinitukana. Wewe umenionea aibu, ukaiita aibu hiyo mapenzi."

"Siyo aibu, ni woga!"

"Woga wa nani?"

"Wa mama," akasema, na mwanamume yule mwenye mabega mapana akaonekana mdogo kama kijana wa jando. "Wa kukukosa, pia."

Alimkaribia. Bernadeta akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa dumu. Alikuwa karibu kiasi cha kumsikia harufu yake, ya jasho na sabuni ya kipande, na moyo wake mjinga ukapiga kama unavyopigaga akikaribia. Alichukia hilo. Alichukia kwamba angeweza kumkasirikia mtu kwa kichwa chote na mwili usijue habari.

"Usinishike," akasema.

"Sikushiki. Lakini na mimi niseme, Deta, kama leo ni siku ya kusema. Tiba ilikuwepo. Nilifurahi mama alipokubali kukupeleka, nikajua labda ndiyo ataacha maneno. Wewe ukakataa. Hukuniambia kwa nini, uliniambia tu 'sitaki, na usiniulize'. Sikukuuliza. Sasa ningefanya nini?"

"Ungeuliza!"

"Umesema nisiulize!"

"Na wewe ni mtiifu kiasi hicho? Mama yako akisema lete, unaleta. Mimi nikisema usiulize, huulizi. Huna swali lako hata moja, Silasi, la kwako mwenyewe?"

Alifungua mdomo kujibu, lakini mlango wa uani ulisukumwa na Shangazi Kabula akatoka. Alikuwa amemnyang'anya Yustina kitenge, amekikunja kwapani kama gazeti. Nyuma yake alikuja Mama Silasi akisema "wifi, wifi", na nyuma yake mama yake Bernadeta, na mlangoni wakajazana wale wengine shingo zao zimerefuka.

"Njoo hapa wewe," Shangazi Kabula akamwambia Silasi. Akaja. "Nimewafunika wachumba kwenye ukoo huu tangu baba yako hajaota ndevu. Nilimfunika na huyu mama yako, akiwa mwembamba kama fito. Sijawahi kukosea. Leo umenifanya niingie nyumba ya watu nikamfunika shemeji yako! Nikirudi Nzega niseme nini? Kwamba Kabula amezeeka, haoni? Mimi naona! Niliona vizuri kabisa kitu ulichonionyesha!"

"Nisamehe, Shangazi."

"Sitaki samahani yako, ina tabia ya kupakwa mafuta." Akamgeukia Mama Silasi. "Na wewe ulijua."

"Wifi, mimi nilijua picha imerekebishwa kidogo, kama wanavyofanya wote. Hata kadi za harusi..."

"Ulijua, ukaniacha niingie. Basi." Kisha akamfuata Bernadeta pale alipoegemea dumu. Hakumtazama mashavuni sasa, alimtazama machoni, na Bernadeta akaona kwamba mama yule naye alikuwa na hasira inayofanana na yake, hasira ya mtu aliyechezewa. "Mwanangu, neno nililosema kule ndani lilinitoka. Lilikuwa neno baya."

"Yameisha, Shangazi."

"Hayajaisha. Kitenge hiki kimekosea kichwa. Kwetu kikishakosea namna hii, aidha kinarudi kwenye mfuko na habari zimekwisha, au mwenye kichwa anasema mwenyewe. Macho yangu wameshayadanganya, kwa hiyo leo nataka kutumia masikio. Wewe unataka nini?"

"Anataka..." akaanza Mama Silasi.

"Nimemwuliza yeye!"

Wale wa mlangoni wakaacha kusukumana. Bernadeta akakumbuka ile siku kwa daktari, alipofungua mdomo na wengine wakaujaza. Akatazama upande wa mama yake. Mama yake akatikisa kichwa kidogo, kumwambia sema.

"Nataka tiba," akasema.

Silasi akainua macho.

"Mnasema nilikataa. Sikukataa tiba, nilikataa kukaa pale kama mbuzi wa mnadani mnaulizana nitanenepeshwa kwa kitu gani. Nimetaka kutibiwa uso huu tangu kidato cha pili. Nimepaka ndimu, nimepaka dawa ya meno, nimepaka vitu ambavyo hata kuvitaja naona haya. Kila siku nikisema 'mimi sijali', nilikuwa nasema uongo." Alivuta pumzi. "Nataka ile dawa ya usiku, na vile visindano, na hii ya kukata nyuzi kwa haya mawili ya chini. Leza sitaki, daktari amesema siyo ya kuanzia, nami namwamini. Nikipata nusu, nitashukuru kwa nusu. Nisipopata, uso ni wangu. Nataka nirudi kwa yule daktari niingie peke yangu, mlango ufungwe, akiniuliza nijibu mimi. Sitaki harusi isubiri uso wangu, wala uso wangu usikimbizwe kwa sababu ya harusi. Na mjukuu wako, Mama Silasi, kama atarithi chunusi, atakuwa na mama anayejua njia ya kwa daktari. Hatapakwa mkorogo wa mtu."

Mama Silasi alifungua mdomo, akamwona wifi yake, akaufunga.

"Hayo ya uso nimesikia," akasema Shangazi Kabula. Akaelekeza kidevu kwa Silasi, aliyesimama karibu na kreti yake ya soda, macho mekundu, mikono hajui aiweke wapi. "Na huyu je?"

Bernadeta alimtazama. Alimwona mwoga, na mwongo wa picha, na mtu aliyekuja kununua asali wakati hana kikohozi. Alitaka kusema kirudisheni kitenge chenu Nzega. Kauli ilikuwa imeshafika ulimini.

"Deta," Silasi akasema, na safari hii hakumtazama mama yake kwanza. "Nina swali. La kwangu mwenyewe. Bado unanitaka?"

Machozi ambayo hakuyatoa mbele ya Yustina, wala mbele ya simu, wala mbele ya lile neno moja la kule sebuleni, sasa yakamshuka Bernadeta, yakipita mashavuni mwake mbele ya watu wote, naye hakuyafuta.

"Nakutaka," akasema. "Na hasira zangu zote hizi, nakutaka."